Nyuki Asiye na Kiuno

Baba Nasra,

Assalamu alaykum. Sijui kama salamu ya karatasi humfikia aliye kaburini, na sitaki kumuuliza mtu, maana nikiuliza nitaambiwa nisome dua nipumzike. Dua nimesoma. Kupumzika ndiko kulikonishinda. Basi nakuandikia hapa mezani jikoni, mchana huu, Nasra yuko kazini wizarani na nyumba imekaa kimya kama imeninunia.

Zimebaki siku kumi na moja eda yangu iishe. Watu wanaihesabu siku hiyo kuliko mimi. Dada yako Salma keshaninunulia udi na nguo ya kutokea edani, amezikunja vizuri juu ya kabati, na kila akija anaziangalia kuhakikisha bado zipo. Anadhani nikishaoga na kujifukiza nitakuwa mtu tena. Mimi naogopa siku hiyo. Naogopa kwa sababu eda itakwisha, nami bado sijajua jambo moja tu: kama uliondoka ukiwa radhi nami.

Sijawahi kuliandika hili. Nimelisema kwa Salma mara moja, na kwa Nasra sijalisema kabisa, kwa kuwa yeye anaamini wazazi wake hawakugombana hata siku moja. Muache aamini hivyo hivyo.

Wewe unajua jinsi mambo yalivyoanza. Nasra alinionesha kwenye simu mwanamke anayefuma maua yaliyosimama ndani ya vyungu, vyote kwa uzi na sindano ya kroshia, chungu, udongo, shina, majani. Nikasema hiyo kazi ndogo. Umri wangu wote nimefuma vitambaa. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata mtungi wa gesi niliuvalisha, ukaniambia, "Mama Nasra, siku nikizidi kulala utanifumia na mimi kifuniko." Tulicheka sana siku ile. Sasa hivi siwezi hata kuutazama ule mtungi.

Kumbe kufuma kitu kinachosimama ni elimu nyingine. Unaanza na kiduara cha mishono sita, unaongeza iwe kumi na mbili, kumi na nane, mpaka kitako kienee kama kisahani cha kikombe, halafu unaacha kuongeza na chungu kinapanda chenyewe. Lakini lazima uweke alama pale duara lilipoanzia. Mimi sikuweka, nikajiona fundi, chungu kikainama upande. Ukapita na taulo begani ukasema, "Hicho chungu cha mlevi." Nikakifumua, nikaanza upya. Mara tatu. Ndani nikajaza pamba na jiwe la mto tuliloliokota Nizwa, kisianguke. Shina nikalitia waya. Ua nikalifanya jekundu, petali nane, jani moja kubwa limejitokeza pembeni.

Jani lile nililiweka kwa sababu yako. Nilitaka nyuki apate pa kukaa.

Miaka thelathini na minne umenihadithia habari za asali ya Tabora. Mizinga ya ami yako iliyotundikwa kwenye miti ya miombo, moshi wake, alivyokufundisha kusimama bila kutikisika nyuki wakikutambaa shingoni. Hapa Maskati hukupata kuonja asali ukairidhia. Ya milimani Jabal ukasema nzuri, lakini. Ya Yemen ukasema nzuri, lakini. Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nyuki nilikuwa nawajua kwa kuwakimbia tu. Nikasema nitamfumia mume wangu nyuki wa kwao. Siku mbili nilimfuma, mdogo kama tende, mstari wa njano, mstari mweusi, mbawa nyeupe, na macho mawili ya shanga. Nilikupa kitu ambacho hujaniomba, nami nilitaka uusifu mkono wangu mpaka nitosheke. Ndiyo kosa langu la kwanza.

Ukarudi kutoka kazini Rusayl, kanzu ina vumbi la ghala, ukavua kofia, ukakaa. Nikakuwekea kahawa na tende, na katikati ya sinia nikaweka chungu changu.

"Mashaallah," ukasema. "Ua zuri sana. Na huyu nzi katokea wapi?"

"Nyuki huyo."

"Nyuki!" Ukamsogeza karibu na miwani. "Mimi mtu wa Tabora bwana, nyuki namjua. Nyuki ana kiuno. Huyu hana kiuno, Mama Nasra. Huyu nzi, tena nzi aliyetoka harusini."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Hilo ningelimeza. Lakini ukachukua simu ukampigia Nasra, nikakusikia unamwambia, "Mama yako kafuma nzi! Njoo umuone, kashiba!" Na Nasra akacheka huko aliko, nikamsikia na yeye.

Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Ulinitania kwa methali hiyo tangu tulipooana, na siku ile nikakupa tijara yako. Nilimnyofoa yule nyuki kwenye jani, nikautafuta mwisho wa uzi, nikavuta. Kroshia haina huruma, ukiivuta inakuja yote. Kazi ya siku mbili ilifumuka na kahawa yako haijapoa. Nikaukusanya uzi nikautupa kwenye pipa la jikoni, juu ya machicha ya tangawizi.

"Ah, Mama Nasra," ukasema. "Mzaha tu."

Nikanuna.

Kununa kwangu unakujua. Naweka chakula, naondoka. Wewe ukawa unasema peke yako chumbani, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambieni aliyepika, mkono wake mtamu." Siku nyingine ningecheka. Kesho yake asubuhi chungu kikawa hakipo mezani, nikajua umekitupa ili kumaliza maneno, na nikanuna mara mbili zaidi. Wala sikuuliza kiko wapi.

Sasa nije kwenye asubuhi ile ya pili. Nimeiandika mara nyingi kichwani na kila mara nataka niiandike vingine.

Nilikuwa jikoni. Ulikuwa mlangoni unavaa makubadhi. Ukaita, "Mama Nasra, nakwenda kazini. Huniagi?"

Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba mume haachiwi avuke kizingiti bila neno. Hata kama mmegombana, mpe neno, hata likiwa kavu. Amani ya njia, alikuwa akisema, haigharimu kitu. Wanawake wote wa kwetu wamefunzwa haya, na mimi nimemfunza Nasra. Nami nikafungua bomba. Sikuwa na chombo cha kuosha, Baba Nasra. Nilifungua maji yaende bure kwenye sinki ili usikie kwamba nina shughuli.

Ukangoja. Najua ulingoja kwa sababu makubadhi hayakulia. Halafu yakalia, halafu mlango.

Adhuhuri mliswali na wenzako pale ghalani. Wamesema ulitoa salamu, ukaegemea ukuta na tasbihi mkononi, na walipokuita hukuitika. Waliniletea wewe na ile kanzu niliyoipiga pasi nikiwa nimenuna.

Tangu siku hiyo sijui niende wapi na nafsi yangu. Makaburini mwanamke haendi, na hata angekwenda, mimi nimo ndani. Siku niliyomwambia Salma, alinishika mkono. "Wifi," akaniambia, "kaka yangu hakuwa mtu wa kuweka kitu moyoni. Keshakusamehe zamani."

"Umejuaje?"

"Nnamjua kaka yangu."

"Na mie nnamjua mume wangu. Lakini siku ile sikumtazama uso."

Hapo Salma akaomba chai.

Ulikuwa ukiniletea asmini kila Alhamisi kwenye mfuko wa karatasi, ukinipa bila kusema kitu kama mtu anayeleta mkate. Edani sinusi asmini, sinusi udi, sitii wanja wala hina. Ua lisilo na harufu ndilo pekee nililoruhusiwa, na hilo nalo lilikuwa halipo. Nikamtuma Nasra aniletee uzi mpya wa njano na mweusi, nikaanza kumfuma tena yule nyuki. Salma akashtuka alipouona. "Njano? Wifi, weye umo edani, njano pambo!" Nikamwambia simvai, namfuma.

Nimefuma nyuki saba. Nilijipa nadhiri ya kijinga, na wewe utanisamehe kwa ujinga huu kabla ya mengine: nilisema nikimpatia kiuno, nimepata na radhi yako. Nikipunguza mishono katikati, anakuwa kama karanga. Nikimfunga uzi kiunoni, kichwa kinalegea, kinalala kifuani. Nilimtazama nyuki kwenye simu ya Nasra mpaka machozi yakanitoka. Wote saba nimewafumua. Uzi umechakaa kwa kuvutwa, na siku za eda zinapungua. Wallahi nimechoka.

Jana Nasra alipigiwa simu na wenzako, wamesafisha meza yako. Akapitia Rusayl, akarudi na boksi.

Lilikuwa na miwani yako ya akiba. Kikombe. Ile kofia uliyokuwa unaishona mwenyewe saa za mapumziko, nusu yake tu imetobolewa vitundu vya nakshi, sindano imechomekwa pale ulipoachia. Na chini yake, kimezungushiwa gazeti, chungu changu.

Hukukitupa. Mwenzako kamwambia Nasra kwamba ulikiweka mezani mbele ya macho yako, na kila aliyeingia kutia saini ulimkataza asikiguse. Nilikaa chini sakafuni nikakikumbatia mbele ya mwanangu, naye hakuelewa kitu.

Ndani ya gazeti kulikuwa na uzi. Ule wangu, wa pipani. Uliutoa kwenye machicha, ukausuuza, ukauzungushia kipande cha boksi, njano upande huu na mweusi upande ule, kama unavyopanga nyuzi zako za kofia. Bado una harufu ya tangawizi kwa mbali. Na karatasi ya ghala, imekunjwa mara nne. Nyuma yake umechora nyuki mkubwa kwa kalamu ya wino, na mshale katikati ya mwili: "Kiuno hapa. Si kazi ngumu." Pembeni umechora nzi mnene. Chini yake umeandika, "Huyu wa Mama Nasra. Nimemzoea."

Salma alipoisoma akapiga kigelegele kidogo, akakumbuka yuko nyumba ya msiba, akaziba mdomo. "Khalas, wifi! Radhi hiyo! Unataka radhi gani nyengine?"

Nilitaka kumkubalia. Nilitaka sana. Lakini chungu kiliondoka siku ya kwanza ya kununa kwangu, na bomba nililifungua siku ya pili. Karatasi haina tarehe. Kama uliichora siku ya kwanza, basi ulikuwa hujasikia yale maji bado. Nikamwomba Nasra ampigie mwenzako amuulize. Alimuuliza, akidhani mama yake ameanza kuchanganyikiwa. Yule bwana akasema anakumbuka alikuona unachora na unacheka peke yako, lakini ni siku gani, hakumbuki.

Hakumbuki, Baba Nasra. Mtu mmoja duniani alikuona ukicheka, na hakumbuki ni siku gani.

Leo asubuhi Nasra alipotoka nilimpa neno lake mlangoni, akashangaa nilivyolirefusha. Kisha nikakaa hapa na uzi wako. Una mikunjo yote ya mishono yangu ya mwanzo, kila pindo limekaa pale pale, unataka wenyewe kurudi ulivyokuwa. Karatasi yako niliiweka mbele yangu, na mshale wake. Nikaanza kiduara cha mishono sita, safari hii nikaweka alama. Njano, nyeusi, njano, nyeusi. Nilipofika katikati, pale ulipoandika kiuno hapa, nilisimama muda mrefu. Sindano ilikuwa mkononi na hesabu ya kupunguza ninayo kichwani.

Sikupunguza. Niliendelea moja kwa moja, mnene kama alivyokuwa, nikamjaza pamba mpaka akakaza, nikamtia mbawa na macho mawili ya shanga, nikamshonea kwenye jani lake.

Yupo hapa mbele yangu. Hana kiuno. Nzi mtupu, aliyetoka harusini. Bomba nimelifunga, nimelikaza kwa mkono, hakuna tone linalodondoka nyumba nzima, na mlango naweza kuusikia kutoka hapa nilipokaa.

Njoo umcheke.

Mkeo aliyekununia,
Mama Nasra