Barua ya Mama Salima

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimu toka hapa Kalemie. Papa yako bado yuko Kabimba kwenye kiwanda cha simenti, na samaki wetu ndagala ziwani wiki hii ni wengi.

Pole kwa wino mwekundu wa mwalimu wako wa Kiingereza. Unaniuliza alama za mkato zinasaidia nini. Kiingereza sikijui, lakini nilipokuwa msichana niliwasomea majirani barua.

Siku moja jirani yetu Mama Salima aliniletea barua ya mdogo wake wa Manono. Nilitaka aone ninavyojua kusoma, nikaenda mbio bila kupumua. Yeye alikuwa anaitikia kila habari, kama huyo mdogo wake yuko mbele yake. Watoto wazima. "Salama." Mvua imenyesha. "Salama." Kaka yetu amefariki.

"Salama," akaitikia.

Kisha akaifunika barua kwa kiganja. "Mutoto wangu," akasema, "rudia, lakini polepole."

Nikarudia. Kila penye mkato nilimungoja aitikie. Kwenye ule wa mwisho, kabla ya habari ya kaka yao, nilikaa sana, mpaka akanishika mkono, akasema: "Haya, soma sasa."

Barua yako nimesomewa kwa sauti, na hii naandikiwa, maana macho yangu yamechoka. Salamu zako zote nimeziitikia.

Nkambo wako