Neno Moja Lililomezwa na Kompresa

Shangazi mpendwa, naomba msaada, na unisamehe mwandiko maana naandikia juu ya ndoo jikoni ili mume wangu asinione, si kwamba ni mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida yenyewe, angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Yeye ni fundi sauti, chumba chetu cha nyuma ndiyo studio, magodoro yametundikwa ukutani, na mimi ni mwimbaji wa kwenye sherehe za watu, au nilikuwa, kwa sababu daktari ameona uvimbe kooni na mwisho wa mwezi huu wanaondoa kisanduku chote cha sauti, na ameniambia bila kuzunguka kwamba sitaimba tena, wala sitaongea kama zamani.

Tuna binti mmoja, tunamwita Kipusa, ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Tangu azaliwe ana wimbo wake, naita "Kipusaaa!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, halafu papo hapo nashusha, namnong'oneza, "Nipo." Wimbo wote ni huo, mengine mapambo. Nikamwomba baba yake aurekodi kabla sijakatwa, nikaimba kwa nguvu zote nilizobakiza, kisha tukakaa watatu kusikiliza, na Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Mwito umebanwa kama mtu anayeita akiwa ndani ya kabati, na lile neno la pili halisikiki kabisa. Kipusa akanitazama. "Mama, mbona hujasema nipo?"

Mume wangu akasema ni kompresa, ile mashine inayobana sauti ikizidi na kuiachia ikishuka, aliogopa mwito wangu ungepasuka kwenye maikrofoni, akaiseti ishike upesi na iachie polepole, basi nilipofika kwenye kunong'ona mashine ilikuwa bado imenikaba. Nikamwambia anirudishie ile halisi. Akainama, akasema, "Hakuna halisi, mke wangu. Niliipitisha kwenye kompresa wakati uleule tunarekodi." Nikasema basi turudie, akakataa, "Unataka kujimaliza kabla ya siku yako? Iko safi, watu hawatajua." Watu! Nikilia anawahi, "Shh, koo," kisha nyumba nzima inakuwa kimya mpaka tunalala, na mtoto naye siku hizi anatembea kwa vidole. Sauti inapungua kila nikiamka, leo mwito umegoma kabisa. Nimekata tamaa, Shangazi. Ndiyo nimwachie mwanangu wimbo ambao mimi simo?

Mama Kipusa

Mama Kipusa, pole. Barua yako imenifanya niache chai, na wanaonijua wanajua mimi siachi chai. Sitakudanganya: maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobanwa wakati wa kurekodi hakuna fundi wa kukibanua, na wimbo ule umekwenda. Ulilie. Mumeo akija na "shh" yake, mwambie Shangazi amesema aiweke mfukoni.

Nilishuka kwa fundi mitambo wetu hapa redioni kumuuliza habari za hiyo mashine. Akanipigisha kelele kwenye maikrofoni huku akizungusha vitufe viwili. Cha kushika kikiwahi mno, kinakata ncha ya neno kabla halijatoka. Cha kuachia kikichelewa, neno la pili linaadhibiwa kwa kelele za la kwanza. Nikaikumbuka nyumba yako. Mumeo amejiseti vilevile, mama: anawahi kukushika, anachelewa kukuachia. Ni hofu tu, anakupenda, ila hofu yake inakula siku chache ulizobakiza na sauti yako. Na wewe, mtu mzima, unajificha na ndoo jikoni kama mwizi wa sukari! Toka huko. Mpe barua hii aisome mwenyewe.

Kesho nendeni kwa daktari wote wawili, mkamuulize kama koo linaweza kustahimili maneno machache. Akikubali, ingieni studio siku hiyohiyo, msingoje. Kompresa ichomolewe kabisa. Kama anaogopa sauti itapasuka, apunguze inayoingia kutoka kwenye maikrofoni, si kazi ngeni kwake. Irekodiwe ghafi, na hiyo ghafi isiguswe na mtu. Akitaka kubana abane nakala, baadaye, na aiseti ishike kwa kuchelewa kidogo ili mwito utoke mzima, iachie upesi ili neno la pili lipite.

Unasema mwito umegoma. Sina dawa ya hilo, na nisingependa nikufariji kwa uongo. Huenda hautarudi. Basi usiite. Mumeo ndiye aite, yeye ana mapafu mazima, apige hilo jina mpaka majirani wachungulie madirishani. Wewe kaa karibu na maikrofoni, mshike mtoto mkono, useme neno lako moja. Likitoka na mkwaruzo, libaki na mkwaruzo wake, Kipusa anaujua. Na huyo bwana akishaita tu, aondoe mkono kwenye vitufe.