Siku Utakayovuka, Malori Yatasimama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lile lenye vituko liwe limetulia. Mimi sijambo. Baba Bonge naye hajambo huko machimboni anakopasua kokoto. Jumamosi anarudi nyumbani mweupe kwa vumbi utadhani kaanguka kwenye gunia la unga. Mumeo mdogo ndiye mzima kuliko sote. Ameota meno mengine na anayajaribia kwenye bega langu. Nikimwuliza bibi yuko wapi, ananionyesha mlango.

Mjomba alinifikishia maneno yako. Alisema amekueleza jinsi alivyopita na lori akamwona mtoto kibandani pembeni ya barabara, kwenye makelele na vumbi, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja mwenyewe kumchukua mume wako ukamlee huko. Mama, sikukasirika. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, kisha nikaona heri nikuandikie yote, maana mjomba hata kwenye lori hakushuka.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe. Daraja hili ni la nchi mbili, nusu letu nusu lao, na miaka yote kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake alitengeneze. Sasa wameelewana. Mafundi wa kwetu na wa kwao wanalikarabati pamoja: upande mmoja unavunjwa, na magari yanapita upande uliobaki kwa zamu. Hapo ndipo naingia mimi. Nashika kibao chenye mti mrefu, uso mmoja mwekundu umeandikwa SIMAMA, mwingine wa kijani umeandikwa PITA. Yaani Mama, yule binti yako ambaye hata mbuzi walikuwa hawamsikii, leo akigeuza mkono tu, lori zima na tela lake linasimama.

Mwisho wa daraja, ng'ambo kule, yuko mwenzangu na kibao chake, mama wa rika lako. Tunaongea kwa redio za mkononi. Nikiachia magari yangu, yeye anafunga. Akiachia yake, nafunga mimi. Kwa muda mrefu sikuujua uso wake vizuri, ila sauti, na kofia anayonipungia asubuhi. Namwita Bi Ng'ambo. Ana maneno huyo! Magari yetu yakichelewa anauliza kama kwetu malori yanasukumwa kwa mkono. Nami namjibu kwamba tunangoja wao wamalize kunywa chai.

Mwanzoni watu wa pande hizi mbili walikuwa wakiangaliana kwa jicho la pembeni. Katikati ya daraja kuna mstari wa rangi. Basi mfagiaji wetu alikuwa akifika hapo anasukuma taka kule, na mfagiaji wao anazirudisha huku, mpaka pakawa na tuta. Siku moja lori likalipitia tuta lile, vumbi likawapaka wote wawili usoni. Wakaangaliana, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo wanafagia pamoja, na wakinuna wananuna pamoja.

Sasa Mama, kaa vizuri. Na kama ni jirani anayekusomea, mwambie apunguze sauti.

Kuna jambo nilikuficha. Mwezi uliopita Bonge aliamka na joto. Nikamlaza kibandani nyuma yangu, nikijipa moyo kwamba ni meno. Bi Ng'ambo alikisikia kilio kwenye redio akaniambia kile si kilio cha njaa, nimwangalie. Nikageuka. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamepanda juu, mikono inatetemeka. Degedege, Mama. Hospitali ya kwetu iko mbali, lakini zahanati ya kwao bati lake naliona pale niliposimama. Msimamizi alikuwa ameenda kufuata saruji. Malori yalikuwa yanashuka kwenye kona, na dereva akiwa kwenye kona ile halioni daraja, anakiona kibao tu. Nikikiacha, anaingia, na mafundi walikuwa wamening'inia ukingoni.

Nilipiga kelele kwenye redio, hata sijui nilisema nini. Bi Ng'ambo akaniambia nifunge wangu, yeye ameshafunga wake, anakuja. Alimwachia fundi mmoja kibao akakimbia daraja zima, mtu wa umri wako, na viatu vile vizito. Nilimwomba ashike kibao changu niende mwenyewe. Akasema kule zahanati wanamjua yeye, na kona hii naijua mimi. Basi nikampa. Mama, nilimpa mtoto wangu mtu niliyemjua kwa sauti tu, nikabaki nimeushika ule mti kwa mikono miwili. Madereva waliokuwa wanapiga honi wakazima injini, mmoja baada ya mwingine. Mbele kule askari wa mpakani alikuwa akikimbia kumfungulia kizuizi, wala hakuna aliyeuliza karatasi.

Msimamizi aliporudi, nilivuka. Nilimkuta Bonge amelala mapajani pake, joto limeshuka, amefunikwa kizibao chake cha kazi kinachong'aa. Alikuwa anamwita “mume wangu.” Kwa hiyo, Mama, ujue umepata mke mwenza.

Kile kibanda alichokiona mjomba hakipo tena. Mafundi walichukua mbao zetu zilizobaki na mabati yao, wakajenga chumba karibu na zahanati kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa pande zote. Sakafu fundi aliisugua mpaka ukiitazama unatamani kulala. Madirisha yako chini ili watoto waone nje, na yupo mama wa kuwatunza. Sisi wenye watoto tumepewa vibali. Asubuhi namvusha, jioni namrudisha, na Bi Ng'ambo hamwachi apite bila kumtania.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa utamchukua. Sasa najua unakuja, basi njoo. Ukishaona, ukasema bado inafaa aende nawe, nguo zake nitazifunga mwenyewe wala sitakujibu neno. Ila njoo kabla daraja halijaisha, maana likiisha vibao hivi vitawekwa stoo. Ukishuka kwenye kona utaniona. Nitageuza kibao kiwe chekundu, na kule mwenzangu atafunga. Malori yote yatasimama, Mama, na daraja lote litakuwa lako. Tembea polepole, goti lisikusumbue, na wakipiga honi usiwajali. Mumeo atakuwa ng'ambo, mikononi mwa mke mwenzako, anakuonyesha kwa kidole.

Nisalimie wote wanaoniulizia hapo nyumbani, na jirani nampa pole ya koo. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi bintiyo akupendaye,
Mama Bonge, wa kibao