Usimpe Maiki Kwenye Ukumbusho wa Mama

Doha,
Jumapili baada ya ibada

Kwako ndugu yangu Ochieng,

Habari za hapo Usenge? Natumaini wewe, mke wako na watoto mnaamka vizuri, na kwamba Baba anameza dawa zake za presha bila kudanganya. Mimi niko na afya. Mikono tu ndiyo imebabuka kwa mvuke wa kupiga pasi mashuka ya hoteli, lakini kuja huku nilitaka mwenyewe, silalamiki. Salamu zimetosha. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe tangu Jumanne na sijui kuificha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ukisikia tu sauti yangu imepanda, unaanza "netiweki, dada, netiweki," halafu unakata. Barua hutaikata. Inaletwa na mwenzangu wa Kombewa anayekuja likizo, na nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu.

Jumanne ulinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Umefurahi mpaka unakohoa. Ukasema mheshimiwa wetu wa bunge atakuja kwenye ukumbusho wa Mama mwezi ujao, na hapo hapo bomani kwetu, mbele ya kaburi, ndipo atatangaza kwamba anataka kuongoza nchi nzima. Hema ataleta yeye, ng'ombe ataleta yeye, na wewe utakuwa mtu wake huku ziwani. Ukamalizia, "Dada, huyu ana sifa zote za kiongozi wa taifa. Amesoma, anajua kuongea, haogopi mtu, na ana helikopta yake."

Helikopta imekuwa sifa ya kiongozi tangu lini, Ochieng?

Wacha nikukumbushe siku ya mazishi, kwa sababu naona umeisahau ama umejisahaulisha. Mimi ruhusa ya kuja nilinyimwa. Kiongozi wa zamu yetu, mama mmoja mfupi kutoka Nepal, alienda akasimama mlangoni kwa meneja mpaka nikapewa saa mbili za kutazama mazishi kwa simu. Alijua meneja angemchukia, na kweli alimchukia, alimhamishia kwenye mashine ya chini kule kwenye joto. Kisha akachukua rundo langu la mashuka akalipiga pasi pamoja na lake. Hakumtangazia mtu. Nilijua tu kwa sababu niliporudi nilikuta yameisha.

Saa hizo mbili nilikukabidhi wewe. Wewe ndiye ulishika simu, kwa sababu nilijua mtoto wa kiume wa kwanza hawezi kuwa mbali na kaburi. Pasta alikuwa tayari, kaburi liko tayari, Baba amekaa juani na koti lake zito, na wewe ukawaambia watu tumngoje mheshimiwa kidogo. Hiyo kidogo yako ilikula saa nzima. Halafu helikopta ikaja kutua ufuoni, kando ya nyavu ambapo kina mama walikuwa wameanika omena. Omena yote ikapeperuka ikaingia mchangani. Na wale si watu wa kupita, ni wale walioanika na Mama miaka yote, walioacha kazi yao waje kumlilia. Mmoja wao alimfuata mheshimiwa mpaka kwenye hema amwonyeshe hasara aliyoleta. Nikamsikia akimjibu kwa kicheko, "Mama, samaki watavuliwa wengine." Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Nilikusikia vizuri, kwa sababu ulikuwa karibu na hiyo simu kuliko mtu yeyote.

Ukampa maiki. Jina la Mama alilitaja mara moja, haraka haraka, halafu akageukia maadui zake wa Nairobi, akawatukana mbele ya jeneza la mwanamke ambaye hakuwa anajua hata sura zao. Alipochoka akasema ana mkutano mwingine Kisumu, akaondoka kabla Mama hajashushwa. Umati ukamfuata. Na wewe ukamfuata, na mimi niko mkononi mwako.

Nilikuita, omera, ndugu yangu. Nilikuambia rudi kaburini, rudi kaburini, mpaka wenzangu wakafungua mlango kuniangalia. Niliona miguu ya watu, nikaona vumbi, nikaona helikopta inapanda. Hayo ndiyo mazishi ya mama yangu niliyoyaona. Kisha ukageuza simu, uso umejaa jasho, ukaniambia, "Dada, umeona? Ameniita kwa jina." Na saa zangu mbili zikawa zimeisha.

Mwaka mzima nimenyamaza. Nilisema ni msiba, mtu hupoteza akili msibani. Lakini sasa unataka kurudia, tena kwa kupanga, na hapo siwezi kunyamaza.

Najua utaniambia tunahitaji barabara, na chumba cha barafu pale ufuoni samaki wasioze. Huyu amekaa bungeni mihula miwili. Chumba cha barafu kiko wapi? Msingi uliochimbwa bado uko pale, mbuzi wanalala ndani. Unasema haogopi mtu. Mimi namtaka anayeogopa. Aogope kumchelewesha mzee juani. Aogope kula cha watu. Akiharibu omena ya mtu aone haya, ainame aiokote pamoja naye, hata kama anaokota mbili tatu tu, ili yule mama ajue ameonekana. Kujua kuongea nako hakunishtui. Hata yule aliyenidanganya kwamba huku nitafanya kazi ya mapokezi alijua kuongea, tena Kiingereza. Mtu ambaye hawezi kukaa nusu saa zaidi na maiti mmoja wa hapo Usenge, atakaa vipi na shida za watu wa Turkana na Lamu ambao yeye hata hawajui? Ukiniuliza mimi, kura yangu ningempa yule mama wa Nepal, na kazi yetu ni mashuka tu.

Kwa hivyo nakuambia kama dada yako niliyekubeba mgongoni: ukumbusho wa Mama, huyo mtu hashiki maiki. Akitaka kuja, aje kwa barabara hiyo mbovu, aketi na watu, ale, aende. Hema lake arudi nalo.

Nisalimie mke wako, na shangazi yetu wa Kisian, mwambie dawa yake ya magoti nimepata mtu wa kumletea. Wasalimie kina mama wa omena mmoja mmoja, na yule aliyejibiwa vibaya mwombe msamaha kwa niaba ya boma letu. Najua hakuna aliyemwomba.

Kuna jambo moja la mwisho. Udongo wa kwanza ulikuwa wako kuurusha, na hukuwepo. Nimemuuliza Baba mara tatu ni nani aliyeurusha, na Mama alishushwa vipi, na akina nani walikuwa wamebaki. Kila mara ananiuliza kama huku kuna joto. Kwa hivyo kati ya watoto wake, mkubwa wa kike na mkubwa wa kiume, hakuna anayejua Mama alizikwaje. Nenda ukakae na Baba. Zima simu. Muulize, na umngoje mpaka ajibu, hata ikichukua siku nzima. Halafu uniandikie yote aliyokuambia, usiruke kitu. Ukishamaliza kuandika, kama mkono wako bado utaweza kumpa yule mtu maiki, mpe.

Ni mimi dada yako,
Atieno