Meza ya Mninga Chini ya Keekee

Magomeni, Kilosa
16 Juni 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, na kwamba lile goti limepunguza maneno tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo, mahindi tumeshayaingiza ndani, na yule kuku wa Mama aliyekataa kuhamia Mikumi bado anatamba uani. Kabla hujaendelea kusoma, naomba ukae juu ya stuli aliyokuletea Lupakisyo pamoja na barua hii. Usiulize sababu, wewe kaa tu.

Kaka Yohana ameniandikia kwamba siku hizi huingii gereji kwake. Anasema umemkabidhi kisanduku chako cha spana, unashinda barazani, na ukiulizwa unajibu kuwa fundi aliyepoteza ufunguo wa mashine yake mwenyewe hana tena la kumfundisha mtu. Habari hiyo imeninyima raha. Miaka thelathini na moja kwenye karakana ya mkonge hukupoteza hata nati moja, na shamba lilipouzwa wakakupa ile mashine ya kutobolea badala ya kiinua mgongo, uliipokea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Huo ufunguo wa kukazia keekee nitauzungumzia. Niache kwanza nikupe habari njema, maana zinanitoka zenyewe.

Mwezi wa nne, mama mmoja anayefungua nyumba ya wageni hapo Mikumi, barabara kuu, alituagiza stuli arobaini, mimi na Lupakisyo. Unamkumbuka, yule seremala wa Chanzuru tunayeshirikiana naye banda. Yule mama alitaka miguu iliyotanuka kidogo, na akasema wazi kwamba ikicheza hata moja anarudisha zote. Ukitoboa kwa mkono, tundu moja linatazama Kilosa na jingine linatazama Dodoma. Kwa hiyo nikaigeukia mashine yako, uliyoniachia niitunze. Shida ikawa ile meza yake ya chuma, upana wake hauzidi sahani ya ubwabwa. Ukiweka kikalio cha stuli juu yake, kinayumba kabla keekee haijagusa mbao.

Nikaamua kuiongezea meza. Nilianza kwa kwenda Morogoro, maana siku hizi madukani kila kitu kipo, kazi ni kuchagua tu. Muuzaji akanionyesha meza ya bati jepesi kutoka ng'ambo, inang'aa, ina vishikio vyekundu. Nikaikandamiza pembeni kwa kidole gumba kama ulivyokuwa ukikagua vyuma, ikanesa. Muuzaji akasema mama, hiyo si ya kukandamizwa. Nikamwambia basi na keekee nayo haitaikandamiza, nikaondoka zangu. Lupakisyo akashauri plaiwudi. Nikamkumbusha masika ya Kilosa na jinsi mlango wake wa plaiwudi ulivyovimba mpaka akawa anaingia nyumbani kwake kupitia dirishani.

Nilichokichagua utakijua ukikisikia. Lile duka la ushirika la hapa Magomeni limefungwa kabisa, na vitu vyake vikauzwa. Nikanunua kaunta. Ni mninga, Baba, unene wa vidole viwili, umekauka miaka zaidi ya ishirini ndani ya nyumba. Sehemu ya mbele imelainika kwa viwiko vya watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari, na naamini viwiko vyako na vya Mama vimo. Niliupiga randa upande wa chini tu. Upande wa juu nikauacha ulivyo, nisingeweza kuulainisha kuliko wao.

Kuifunga ndiko kulikonitoa jasho. Najua ulivyokuwa ukisema kwamba mbao juu ya mashine ya chuma ni mchezo wa watoto, kwa hiyo niliapa kutoitoboa mashine yako hata tundu moja. Bolti nne nimezipitisha kwenye zile nafasi ndefu zilizokuwapo tangu mwanzo, vichwa vyake nikavizamisha ndani ya ubao visikwaruze kazi. Nikakaza, nikajisifu, nikamwita Lupakisyo aje aone. Akashika mkono wa kupandishia meza, akauzungusha nusu, ukagonga ubao wangu na kugoma. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mkono wa mashine! Lupakisyo alicheka mpaka akakaa juu ya maranda. Ilibidi nifungue zote nne, nikate pengo upande wa kulia, nianze upya.

Mara ya pili nikaweka skwea pande nne za keekee kupima kama meza iko sawa. Kushoto palilala kidogo sana, nikainua kwa kipande cha boksi la sabuni. Katikati nimeacha shimo la mraba lenye kipande cha mbao laini cha kubadilisha, ili keekee ikipitiliza itoboe hicho na si mninga. Kwa ile miguu ya kutanuka, naweka kabari moja chini ya kikalio, na kila tundu linatoka na mlalo uleule. Tumeshamaliza stuli thelathini. Zimesimama bandani zote zimetulia, mpaka majirani wanapita kuzijaribu.

Hapa najua umevua miwani. Unajiuliza Marciana anatoboaje wakati ufunguo umepotea, na ule mpya Yohana alioununua Dar hauingii kwenye mashine ya zamani. Baba, ufunguo haukupotea. Niliuficha mimi.

Ile wiki ya Pasaka mlipokuja na lori kuichukua mashine ipelekwe gereji, nilikuwa nimeshakubali oda ile. Niliona Yohana anaandaa kamba, nikauchukua ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kitenge changu. Nilijua huwezi kuihamisha mashine pungufu. Mlitafuta kutwa nzima, ukachokoa mpaka majivu ya jikoni, ukageuza mifuko ya koti mbele ya watu. Kisha ukasema kwamba ni wewe uliyeupoteza, kwamba uzee umeanza. Na mimi nilikuwa nimesimama pale namimina chai. Nilitaka kusema, nikaendelea kumimina, na lori likaondoka tupu.

Sikukuomba mashine kwa sababu sijawahi kusikia binti anaomba vyuma vya baba yake wakati kaka yupo. Ningeomba ungeweza kukataa, na ningetii. Nikachagua kutoomba. Sikujua ningekuchukulia kitu kikubwa kuliko mashine. Nimekukosea, Baba, nisamehe.

Ndani ya kitambaa cheupe alicho nacho Lupakisyo mna ufunguo wako. Hakuna ufunguo mwingine huku, kwa hiyo mashine imenyamaza, na stuli kumi zinasubiri miguu. Mwenye oda anazitaka mwisho wa mwezi. Ukiamua mashine iende kwa Yohana, mpe ufunguo aje na lori. Nitafungua bolti nne, nibaki na meza yangu, na sitanung'unika. Ukiamua ibaki, naomba usimpe mtu ufunguo huo. Ulete mwenyewe, uniangalie nikitoboa, uniambie ninapokosea. Lakini kwa vyovyote vile, leo hii mwite Mama na Yohana, uwaambie kwa sauti kwamba hukusahau kitu na hukupoteza kitu. Kisha kachukue kisanduku chako cha spana.

Na hiyo stuli uliyoikalia tangu mwanzo wa barua, ni ya kwanza kutoka kwenye meza ya mninga, haimo kwenye zile arobaini. Jitikise kidogo, uone kama inacheza.

Mfikishie Mama shikamoo yangu na umwambie kuku wake hajambo. Kaka Yohana na wifi Editha wasalimie, ingawa najua Yohana akishasikia haya atataka kunisalimia mwenyewe kwa maneno yake. Lupakisyo anarudi huku kwa basi Jumanne. Nimemwomba akuachie nafasi ya kukaa dirishani.

Mimi binti yako,
Marciana Kasian