Punje Mia Nne za Hindi la Kilolo

S.L.P. 61,
Kilolo, Iringa.
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Devota,

Kamwene. Kwa miaka thelathini na mitatu nimekuficha jambo, nami sitaki kuzikwa nalo. Lakini salamu kwanza, nisionekane sikulelewa. Hujambo wewe, na mumeo Ipyana, na watoto? Duka la mbegu hapo Mwanjelwa linakwendaje? Huku baridi ya Juni imeshika. Miguu yangu imevimba, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Naandika kidogo, napumzika, naendelea.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu Vitus, aliyekuwa akifundisha baiolojia, alikuja kunitazama. Nilimwonyesha karatasi yako ya kidato cha sita, ile ya kuhesabu punje. Ndiyo, ninayo mpaka leo. Unalikumbuka hindi lile la bustani ya shule, lenye punje nyeusi na za njano. Kitabu kilisema katika kila punje nne, tatu zitakuwa nyeusi. Lako lilikuwa na punje mia nne, kwa hiyo tulitarajia nyeusi mia tatu na njano mia moja. Wewe ukaandika 231 na 169.

Kila tofauti ukaipiga kipeo cha pili, ukaigawa kwa marudio yaliyotarajiwa, ukajumlisha. Ukapata 63.48, wakati kikomo cha jedwali kilikuwa 3.84. Chini ukaandika kwa wino wa bluu: "Nadharia tete inakataliwa."

Nilikuita mbele nikakwambia rudia kuhesabu.

"Nimehesabu mara tatu, Baba Mdogo."

"Hapa mimi ni mwalimu wako."

"Basi Mwalimu, hindi halijasoma kitabu."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikawaka.

Vitus aliitazama karatasi hiyo muda mrefu, kisha akacheka peke yake. "Mzee Kalinga, mtoto huyu alikuwa sahihi. Hii si tatu kwa moja, ni tisa kwa saba. Rangi hii inahitaji jeni za aina mbili kwa pamoja. Moja ikikosekana, punje inabaki njano."

Alipoondoka nikachukua kalamu. Tisa kwa saba katika mia nne ni 225 na 175. Nikarudia hesabu yako ile, kai mraba, ikatoka 0.37, chini kabisa ya kikomo.

Hebu fikiri, Devota. Kila unywele wa hindi hupokea chavua yake na kuzaa punje yake. Punje haijui jirani yake ana rangi gani. Hakuna inayongoja zamu. Lakini zipukuchue zote mezani, uzihesabu, utakuta zimeisogelea tisa kwa saba kana kwamba zilikubaliana gizani ndani ya maganda. Nimefundisha takwimu miaka ishirini na nane, nikizipigia mistari kwa rula. Sikuwahi kuziogopa hivi, kama mtu anavyoogopa akiingia kanisani peke yake. Tangu siku hiyo nikishika hindi bichi naliweka chini taratibu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, umelishika jambo hilo mkononi, mimi nikaliita uongo.

Maana ndivyo nilivyosema mbele ya mkuu wa shule, kwamba umepika takwimu. Anayepika takwimu huzipika zifanane na kitabu, na hilo nililijua. Kanuni ilitutaka tuikatae nadharia. Mimi nikamkataa mtoto. Ukafukuzwa miezi miwili kabla ya mtihani. Baba yako, kaka yangu Aroni, alikupeleka Mbalizi kwa shangazi Yusta, na alifariki akiamini ulidanganya.

Sababu ni hii. Mbegu ya jaribio ilipaswa kutoka kituo cha utafiti. Niliiacha stoo, ikaliwa na panya. Nikapanda punje nyeusi za mama yangu, kutoka darini hapa Kilolo, nikaweka sahihi kwamba ni za kituo. Namba zako zingekubaliwa, wangeuliza mbegu imetoka wapi.

Wanangu nimewaambia, na nakala ya barua hii imekwenda shuleni. Najua haikurudishii chuo kikuu.

Mama yako mdogo Benedicta anakusalimu sana. Ndiye aliyeninunulia bahasha. Nisalimie shangazi Yusta, umwambie nashukuru kwamba alikuamini wakati ndugu wote tulikaa kimya. Mungu anayezipa punje rangi mahali tusipoona aibariki nyumba yako, mashamba ya wateja wako, na wanao.

Limebaki moja. Usije ukanisamehe kama mtu aliyekosea kwa kutojua. Asubuhi ile, kabla sijaingia ofisini kwa mkuu, nilifunga mlango wa maabara nikazihesabu punje zako moja moja. Zilikuwa kama ulivyoandika, haikuzidi wala kupungua hata moja.

Wako akupendaye,
Baba yako mdogo,
Sosthenes Kalinga