Hofu ya Mkuu wa Kompyuta

Dada Paulina,

Shikamoo. Babati asubuhi ni baridi, lakini samaki wa ziwani ni watamu mno.

Nimekuja kuisaidia kampuni moja inayonunua mbaazi ipunguze hatua zisizo na maana katika kazi zake. Mkuu wa idara ya kompyuta, Baba Elibariki, amekuwa akinikwepa tangu nifike. Leo tukila mchana akaniambia ukweli: "Dada, washauri wenzako waliokutangulia hapa walipoondoka, mafundi wangu wawili walipunguzwa kazini. Halafu mkianika makosa ya idara, mkosaji ninakuwa mimi."

Sikubishana naye. Nilimpigia mkurugenzi palepale, nikaweka spika, nikamwomba aahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Alisita kidogo, kisha akaahidi.

Tuliporudi ofisini, Baba Elibariki aliwaeleza mafundi wake. Mmoja wao, Martha, akauliza, "Na wewe, mkuu, umo kwenye hiyo ahadi?"

Akacheka hadi akavua miwani. "Nimo!"

Hapo kila mtu akaanza kutaja linalomkera. Kumbe mkulima wa kijiji cha Mutuka anayewauzia mbaazi akibadilisha namba ya simu tu, lazima wakubwa watatu waidhinishe! Kesho tunaanza na hilo, na nina hakika tutaliweza. Baba Elibariki ndiye aliyekuwa akiandika ubaoni, na nilipomwomba kalamu alikataa kuiachia.

Msalimie sana Mama, uwakumbatie watoto kwa niaba yangu. Mungu awatunze.

Mdogo wako akupendaye,
Anna